Jina la Ukoo Si Hati ya Uungwana

Tangu Mwalimu Nyerere alipotangaza, Desemba 1962, kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, mengi yameandikwa juu ya ngoma zetu, mavazi yetu, michezo yetu na lugha yetu ya Kiswahili. Juu ya majina yetu yameandikwa machache. Na katika hayo machache, mengi yametoka kwa watu ambao nia yao haikuwa kutueleza asili ya majina, bali kutuonyesha ukubwa wa nasaba zao. Mwandishi huanza kwa kusema kwamba ukoo wake ulitoka ng'ambo ya bahari, akamaliza kwa kusema kwamba jirani yake hana ukoo. Sisi tumezaliwa Mwera, wilaya ya Pangani, na tumekuwa jirani wa namna hiyo kwa muda mrefu. Kwa hiyo tunaomba nafasi katika kurasa hizi tupate kujibu.

Sababu ya kuandika sasa ni hii. Katika miaka ya karibuni imezuka huko kwetu desturi ya vijana kuyatupa majina ya babu zao. Kijana huenda kwa wakili, huapa kiapo, hulipa ada, akarudi na jina jipya. Jina analolitupa aghalabu ni lile lililopatikana katika mashamba ya mkonge. Jina analolichukua aghalabu ni lenye harufu ya udi: la Kishirazi, la Kimanga, au jina la ukoo wa kijumbe ambao hata wenyewe walikwisha kulisahau. Wazee kadhaa wanawasifu vijana hawa kwa kusema kwamba wanajisafisha. Neno hilo, kujisafisha, ndilo lililotukera. Mtu hujisafisha kutoka katika uchafu. Tunataka kujua ni uchafu gani babu zetu walioupata kwa kufanya kazi.

Msomaji asiyeijua Mwera inafaa aelezwe ilipo. Ukivuka mto Pangani kwa kivuko mpaka Bweni, ukashika njia ya kusini kuelekea Mkwaja na Saadani, utakuwa katika nchi ya minazi na mikonge. Karibu na hapo, Kikogwe, ndipo ulipopandwa mkonge wa kwanza wa nchi hii. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf, aliyekuwa akiitumikia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, alipokea miche kutoka Florida. Ilipelekwa 1,000, ikafika hai 62. Kutokana na miche hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyojaza mkoa wa Tanga na Morogoro, na katikati ya miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka. Jambo hili husimuliwa sana. Hata watoto wa shule wanaijua idadi ya miche. Lakini waulize ni watu wangapi walioletwa kuikata, na majina yao yalikuwa nani, hapo utanyamaziwa.

Watu hao waliitwa manamba. Neno lenyewe linajieleza: mtu alipokubali mkataba alipewa namba, na kwa namba hiyo alisafirishwa, akalishwa, akahesabiwa. Tangu mwaka 1944 mpaka katikati ya miaka ya 1960 kazi ya kuwakusanya ilikuwa mikononi mwa ofisi ya wenye mashamba iliyojulikana kwa jina la SILABU. Walitoka Kigoma na Urundi, walitoka Songea na Njombe, walitoka Unyamwezi, walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Shambani kila mtu alikuwa na kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Mkataji alihesabiwa mafungu, na kila fungu lilikuwa na majani 30. Asiyefikisha mafungu aliyopangiwa hakuandikiwa siku, hata kama jua lilimchoma tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Mwenye kuandika alikuwa karani. Na karani huyo huyo, aliyekuwa na mamlaka ya kumwandikia mtu siku, alikuwa pia na mamlaka ya kumwandikia jina.

Babu yetu alikuwa mmoja wao. Alitoka kusini, na alipofika katika shamba moja la wilaya yetu, karani alimwuliza jina. Alilitaja. Karani hakulisikia vizuri, au alilisikia akaona lina herufi nyingi, akamwuliza tena, kisha akamwuliza ametoka wapi. Babu akajibu: Songea. Karani akaandika Songea, akamwita wa pili. Hivyo ndivyo tulivyolisikia kutoka kwake mwenyewe, naye alikuwa akilisimulia kwa kicheko, kama mtu asimuliaye jinsi alivyoibiwa kofia sokoni. Tangu siku hiyo korona ilimjua kwa jina la Songea. Mnyapara alimwita Songea, mwenye duka alimwandika Songea katika daftari la madeni, na watoto wake wakawa watoto wa Songea. Baada ya miaka michache alisilimu hapo hapo Mwera, akaoa binti wa Kizigua, na msikitini akapewa jina la Abdallah. Jina alilopewa na mama yake lilikuwa likitamkwa na bibi yetu peke yake, tena ndani ya nyumba. Na bibi alipofariki, akaenda nalo.

Kwa hiyo, kwa mujibu wa hao wanaojisafisha, jina letu la ukoo ni kosa la karani. Tunakubali. Ni kosa la karani, na hatuoni haya kulisema. Lakini hebu tulitazame hilo kosa kwa makini kidogo, maana lina mambo ndani yake. Songea si jina la mji tangu mwanzo. Lilikuwa jina la mtu: Songea Mbano, nduna wa Wangoni, ambaye Wajerumani walijenga boma lao karibu na makao yake, wakalitia boma hilo jina lake, kisha mwaka 1906, wakati wa Vita vya Maji Maji, wakamnyonga pamoja na viongozi wenzake. Karani wa mkonge hakuyajua hayo, wala hakujali. Alidhani anaandika jina la kituo cha kupakilia watu. Hata hivyo alichokiandika ni jina la mtu aliyekufa kwa kuikataa serikali ile ile iliyoleta mkonge. Sisi si wajukuu wa nduna, na hatutaki kudai hivyo. Babu hakuwa hata Mngoni. Alikuwa mmoja wa wale wengi walioitwa Wangoni na kila karani wa pwani kwa kuwa tu walitoka upande huo. Tunachosema ni kwamba jina lililopatikana kwa dharau linaweza kubeba historia kubwa kuliko jina lililonunuliwa kwa wakili.

Hapana budi tuseme pia kwamba jina hili limetugharimu, asije mtu akadhani tunalitetea kwa kuwa halijatuumiza. Babu alikuwa na wana wawili waliokua. Mkubwa alipelekwa shule, na mwalimu akamwandika kwa jina alilolijua shamba zima, yaani Songea. Mdogo alisoma chuoni kwa maalimu, naye maalimu akamwita kama ilivyo ada, fulani bin Abdallah. Ndugu wawili, baba mmoja na mama mmoja, wakakua na ubini wa namna mbili, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu kijijini kila mtu alijua. Babu alikuwa amepanda minazi katika ardhi aliyopewa na shemeji zake, ndugu za bibi. Miaka mingi baada ya kufa kwake alitokea mtu mwenye fedha, akasema amekwisha kuuziwa shamba lile. Shauri likafika mbele ya baraza moja. Hapo wana wa mkubwa waliulizwa: marehemu mnayemrithi ni nani? Wakajibu: Songea. Wana wa mdogo wakaulizwa, wakajibu: Abdallah. Mwenyekiti akafunga jalada lake. Watu wa baba wawili, alisema, wanadaije shamba moja?

Shauri hilo lilichukua zaidi ya miaka miwili. Halikuokolewa na cheti chochote, maana hapakuwa na cheti. Liliokolewa na mzee mmoja aliyekuwa fundi wa korona, aliyekuja kwa mkongojo, akasimama akasema kwamba yeye alimjua marehemu; kwamba korona ilimwita Songea na msikiti ulimwita Abdallah, na kwamba ni yeye aliyemshika mkono siku aliposilimu. Wakamwuliza kama ana ushahidi wa maandishi. Akatoa mfukoni kipande chake mwenyewe, kimekunjika na kuwa rangi ya majani makavu, akakiweka mezani. Akawaambia kwamba hata yeye jina lililomo humo si lake.

Tangu siku hiyo tumekuwa na shaka kubwa juu ya watu wanaosema kwamba jina la ukoo ndilo linalomthibitisha mtu. Kwetu jina ndilo lililotia udugu mashakani. Aliyeuthibitisha alikuwa jirani.

Sasa tuwageukie wenye nasaba. Wao husema kwamba pwani yetu ilikuwa na utaratibu wake wa kale wa majina, na kwamba manamba waliuharibu. Kuhusu utaratibu wako sawa. Mtu wa pwani alikuwa na jina lake, kisha bin au binti, kisha jina la baba, na akitakiwa zaidi aliongeza la babu. Mwenye heshima ya kuzaliwa alitanguliziwa Mwinyi au Mwana, mwenye cheo aliitwa Jumbe au Diwani. Waliotoka Uarabuni walimalizia kwa nisba ya kabila lao. Lakini hapo ndipo wenye nasaba wanaponyamaza kwa ghafla, maana utaratibu huo huo ulikuwa na sehemu ya pili, nayo ni ya watumwa. Mtumwa hakuulizwa ubini. Alipewa jina la kumpendeza bwana: Mabruki, Feruzi, Almasi, Faraji, Majaliwa. Au alipewa siku aliyonunuliwa. Akitakiwa atambulishwe zaidi, alitajwa kuwa wa fulani, yaani mali ya fulani. Bonde la Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watu wa namna hiyo, na mwaka 1873 waliasi, wakakimbilia Makorora wakajenga maskani yao wenyewe. Wajerumani walipotawala hawakuufuta utumwa. Walitoa hati za uhuru kwa mmoja mmoja, na amri yao ya mwaka 1904 iliwahesabu kuwa huru wale tu watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 kumalizika. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria katika Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Wako wapi basi wajukuu wa Mabruki na Feruzi? Wako hapa hapa. Ndio sisi, na ndio hao wanaojisafisha. Mtu aliyeachwa huru bila ubini mara nyingi alichukua ubini wa bwana wake, au aliitwa bin Abdallah, mwana wa mtumwa wa Mungu, jina lisilokuwa na mwenyewe na kwa hiyo halikumwonea mtu. Vizazi viwili vikapita, na ubini wa bwana ukawa nasaba. Hatusemi haya ili kumfedhehesha yeyote, wala hatutataja ukoo. Tunasema ili watu waache kuvizia majina ya wenzao. Asilimia ya damu ya Shirazi iliyomo katika jina haipimiki kwa ratili.

Tena mtazameni Siti binti Saad. Huyu ndiye mwanamke aliyelipeleka taarabu la Kiswahili katika santuri miaka ya 1920 na 1930, na wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert. Alizaliwa Fumba, Unguja, baba wa asili ya Unyamwezi na mama wa asili ya Uzigua, nchi yetu hii. Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa. Siti, yaani bibi mwenye heshima, ni jina alilopewa ukubwani, alipokwisha kuwa mwimbaji. Lakini angalieni alichokibakiza: binti Saad. Hakutafuta nisba. Baba yake alikuwa mkulima, hakuwa na mlango mkubwa, naye akaendelea kuitwa kwa jina la baba huyo mpaka alipofariki mwaka 1950. Leo ni koo ngapi zenye majina marefu zingetamani kuwa na Saad huyo?

Hata nisba ya kweli inaweza kutumiwa kuwadhulumu watu. Abushiri bin Salim al-Harthi aliongoza vita dhidi ya Wajerumani katika pwani hii mwaka 1888 na 1889, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Kwa sababu jina lake liliishia na al-Harthi, Wajerumani waliita vita vile uasi wa Waarabu, na jina hilo likaingia vitabuni likakaa. Kwa neno moja waliwafuta Wazigua, Wabondei, Washirazi, watumwa na wachukuzi waliojaa katika vita vile. Walimfuta hata Bwana Heri bin Juma wa Saadani, ambaye aliendelea kupigana baada ya Abushiri kunyongwa, mpaka mwaka 1890. Mwisho wa jina la mtu mmoja ulitosha kuwanyang'anya watu wa Mrima vita vyao. Atakayetuambia kwamba nisba ni jambo la heshima tu na halina siasa ndani yake, aende akasome kibao cha historia hapo Pangani kisha arudi tuzungumze.

Wako wengine wanaotupinga kwa upande mwingine, na hawa tunawaheshimu zaidi kwa kuwa nia yao ni njema. Wao husema: tupeni majina yote ya kigeni, ya Kiarabu na ya Kizungu na ya makarani, mrudi katika majina ya makabila yenu. Jambo hili lilikwisha kujaribiwa kwa amri. Mwaka 1972 Mobutu aliwalazimisha raia wa Zaire kuyaacha majina ya Kikristo, naye mwenyewe akaacha kuitwa Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Majina yalibadilika. Mkulima wa Kivu alibaki na jembe lile lile.

Zaidi ya hayo, wasemao turudi hawajui watakalolikuta huko. Majina ya Wasambaa, Wazigua na Wabondei yanayoanza kwa She au Se, ambayo leo yamejaa katika orodha za shule za mkoa wa Tanga kama majina ya koo, hayakuwa majina ya koo. Kiambishi hicho maana yake ni baba wa. Mtu alipozaa alipewa heshima ya kuitwa kwa jina la mtoto wake. Jina lilikwenda kutoka kwa mtoto kupanda kwa mzazi, halikushuka kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Shule na boma vililikamata likiwa njiani, vikaligandisha. Ndiyo maana leo unaweza kumsikia binti wa darasa la tatu akiitwa mbele ya wenzake baba wa fulani, naye akajibu, Nipo. Wazee hucheka wakilisikia jambo hili, na wana haki ya kucheka. Lakini hatujamsikia hata mmoja akidai kwamba binti yule hana asili.

Na kama tungewafuata hawa, tungemfanya nini Shaaban Robert? Alizaliwa Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga, mwaka 1909, wazazi wake wakiwa na asili ya Wayao. Alikuwa Mwislamu maisha yake yote. Alikuwa karani wa forodha, na sehemu ya utumishi huo aliifanya hapo Pangani, ng'ambo ya mto tu kutoka kwetu. Na jina lililo juu ya vitabu vyake ni Robert. Watu wamehangaika na Robert huyo kwa miaka mingi: wengine wakamwonea haya, wengine wakamtungia hadithi. Ndugu yake ambaye alimwandikia barua tangu mwaka 1931 mpaka 1958, barua ambazo zimechapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, anaitwa Yusuf Ulenge, naye pia alikuwa mwandishi. Robert na Ulenge: ndugu wawili, ubini wa namna mbili, kama kwetu. Ukiwapeleka mbele ya lile baraza letu wangeambiwa si ndugu. Lakini msomaji wa barua zile hahitaji kuambiwa kama wanapendana au hawapendani. Mshairi mkuu wa Kiswahili alilichukua jina lisilokuwa la kabila lake, wala la dini yake, wala la pwani yake, akalifanya jina la Kiswahili kwa kuandika. Wayao hawakulalamika. Waislamu wa Tanga hawakulalamika. Wanaolalamika ni wale wasioandika.

Yatupasa sasa tuseme jina la ukoo, kwa maana ile ya fomu, lilitoka wapi. Halikutoka kwa wahenga. Lilitoka ofisini, na si kwetu tu. Mwaka 1849 Gavana wa Kihispania Narciso Clavería aliwaamuru wenyeji wa Ufilipino wachukue majina ya koo kutoka katika kitabu kilichotayarishwa, ili iwe rahisi kuwahesabu na kuwatoza kodi. Mwaka 1934 Uturuki ilitunga sheria ya kumlazimisha kila raia awe na jina la ukoo, na hapo ndipo Mustafa Kemal alipopewa jina la Atatürk. Huko Iceland, kwa upande mwingine, watu wengi mpaka leo hawana jina la ukoo. Mwana huitwa kwa jina la baba au la mama yake, na nchi yao haijaanguka. Kwa hiyo wasomi wanaoandika kwamba Waswahili hawana majina ya ukoo, kana kwamba wameligundua pengo katika akili zetu, wajue kwamba wameligundua pengo katika kabati la karani.

Hatukatai kwamba serikali inahitaji kumjua raia wake. Vitambulisho vya taifa vina manufaa, na vyeti vya kuzaliwa vina manufaa zaidi. Lau babu angekuwa na cheti tusingepoteza miaka miwili. Tunachokikataa ni kumlazimisha mtu aseme uongo ili fomu ijae. Fomu inauliza jina la kwanza, la kati na la mwisho. Mtu wa Mwera huandika lake, la baba na la babu, kama wazee walivyofanya, ila bin imeanguka njiani. Mwanawe naye akifanya vivyo hivyo, jina la mwisho la mwana haliwi lile la baba. Ni utaratibu ulio sahihi kabisa, wenye kufuatana vizuri kuliko ule wa Kizungu, kwa kuwa unataja watu watatu waliokuwa hai na si mmoja aliyesahauliwa. Lakini mahali fulani mtumishi huona majina hayalingani, akamrudisha mtu nyumbani akalete ushahidi. Ndipo kijana anapokata tamaa, akaenda kwa wakili. Na akiisha kuwa kwa wakili, kwa nini asichague jina zuri?

Wanawake ndio wanaoonewa zaidi katika jambo hili. Kwa desturi yetu ya pwani mwanamke hakubadili jina alipoolewa. Alikuwa binti wa baba yake akiwa mwari, akiwa mke, akiwa mjane, hata akiolewa mara tatu. Bibi yetu alizikwa akiwa binti wa baba yake, Mzigua wa Mwera. Siku hizi wapo mabinti wanaoambiwa kwamba ustaarabu ni kuchukua jina la mume, na ndoa ikivunjika wanabaki na vyeti vya shule vyenye jina moja na kitambulisho chenye jina jingine. Waliowafundisha hivyo ni wale wale wanaotuambia tulinde mila.

Tunachokitaka ni kidogo, tena hakihitaji sheria mpya. Katika kila ofisi ya kijiji kuna madaftari. Tunataka liwepo daftari moja la majina, ambalo ndani yake kila kaya iandikishe jina lake na namna lilivyopatikana: kwamba hili ni la babu, hili ni la mahali, hili ni la bwana aliyemiliki watu, hili ni la mtoto aliyempa baba heshima, hili ni la karani aliyekuwa na haraka. Iandikwe pia mtu mmoja anaweza kuwa aliitwa kwa majina mangapi, na nani aliyemwita kwa lipi. Kazi hiyo iwe ya utamaduni, ifanywe na maofisa utamaduni wa wilaya pamoja na walimu, kama wanavyoandika ngoma na methali. Vitabu vya mishahara na vipande vilivyosalia katika mashamba ya zamani visichomwe wala visifungiwe samaki. Vipelekwe Nyaraka za Taifa. Na kijana atakayetaka kubadili jina lake abadili, ni haki yake, lakini lile la kwanza libaki limeandikwa daftarini, na sababu yake pembeni.

Kazi yenyewe haingoji. Mtu aliyeandikiwa namba mwaka 1960 akiwa na miaka 18, leo amepita miaka 80. Yule fundi wa korona aliyetuokoa kwa kipande chake alifariki kabla hukumu haijasomwa. Katika kambi za zamani kati ya Bweni na Mkwaja wamebaki wazee wachache sana wa rika lake, na tumekwisha kuanza kuwaandika sisi wenyewe, katika daftari la shule la kurasa 96. Mpaka sasa tuna majina 31. Kati yao ni 9 tu wanaosema kwamba jina wanaloitwa ndilo walilokuja nalo.